Sindano Nyuma ya Sikio

Nilimpa daktari alama kabla sijampa shukrani.
Mwanaesha alishika kioo nyuma, mimi kingine mbele,
nikahesabu: mishono kumi na mitatu,
uzi mweusi, mwendo wa kuridhisha,
ila wa tisa ameuvuta mno.
Mimi ningeufumua.

Miaka ishirini natoboa kofia hapa Langoni,
tundu kwa tundu, kila moja nalizungushia uzi lisichanike.
Kitambaa hakimsamehe atobozaye
bila kujua atatia nini.
Langu, walilotoboa Mombasa mfupani,
wamelitia waya wenye vituo ishirini na viwili,
mwembamba, umejikunja ndani
kama konokono aliyerudi kwake.
Na bado kimya.
Kimya kile kile, ila sasa kina mpangaji.

Usipenge kamasi, karatasi yasema.
Usiiname. Usinyanyue ndoo.
Lalia upande wa kulia tu.
Haikusema kwamba tui la nazi
litakuwa na ladha ya shilingi kongwe,
wala kwamba nikipanda ngazi za kwenda darini
ukuta utanijia mbio, kama mtu anayenidai.

Haikusema habari ya usiku:
mvumo, filimbi, cherehani ya mtu nisiyemjua
ikishona kichwani hadi alfajiri.
Nikamwandikia Mueni, yule binti wa mashine:
Je, ndiyo imeanza?
Akajibu: Bado. Huo ni mshipa, unakumbuka.
Subiri tarehe kumi na tisa.

Siku ya kumi na moja nikapoteza sindano.
Namba saba, ya mwisho niliyo nayo.
Nikatafuta mkekani, kwenye mkunjo wa leso,
chini ya bakuli la uji.
Lali akaingia kutoka chuoni, akanitazama,
akacheka mpaka akaketi sakafuni
(kicheko chake nakijua: ni mabega)
akanyoosha kidole.

Ilikuwa nyuma ya sikio langu,
imelala juu ya ngozi, bila tone la damu.
Sumaku iliyo ndani imeiita,
nayo imeitika.

Lali ana miaka tisa.
Sindano za aina nyingine, za kuponya kifua,
zilichukua masikio yangu mwaka mmoja kabla yake.
Sauti yake naijua kwa kiganja:
akisoma juzuu huuweka mkono mgongoni pake,
yatetemeka juu kidogo ya mbavu,
kama paka aliyeshiba.
Akisema *ndoo*, sijui aniita nije
au ataka chombo cha maji.
Mwanaesha huniandikia: Wifi, hata sisi wenye masikio
twangoja kwanza tuone mikono yake.

Tangu Jumatatu asimama dirishani, midomo yacheza.
Apanga neno la kwanza.
Kwenye daftari la hesabu ameandika, amefuta,
karatasi imekuwa nyembamba kama kitunguu.
Ikabidi nimwambie aliyoyasema Mueni:
mwanzo watu wote watakuwa bati,
watakuwa bata ndani ya pipa,
wewe na muadhini na punda wa Bi Nanaa, sawasawa.
Labda wiki. Labda miezi.

Akafikiri, ulimi nje.
Kisha akaandika:
*Basi nitaanza na neno nisilolipenda,
liharibike hilo.*
Na chini yake, kwa herufi kubwa:
*KUGAWANYA.*
Lile zuri ameliweka. Hakunionyesha.

Kesho kutwa twavuka Mokowe, kisha basi.
Betri nimezitia kwenye mfuko wa kiunoni, pamoja na nauli.
Nywele upande mmoja zaota, zawasha kama nyasi za mvua ya kwanza.
Kofia ya watu imebaki matundu arobaini;
nimeshona kumi, nikaitua.
Yaliyobaki yangoje nirudi.
Uzi ukipita kwenye kitambaa chenye wanga
nimesahau kama husema kitu.

Lali asema husema.
Nimemuuliza husema nini,
akafunga daftari.