Nilipika kwa Pua

Miaka mitatu kule Bunga niliipika nyama hii
nisiionje.
Ndani mlikuwa na divai, kikombe kizima,
na ng'ombe mwenyewe sikujua kachinjwa na nani.
Nilipika kwa pua.
Madamu Myungsuk alichota kwa ncha ya kijiko,
akafumba jicho moja, akasema, "Sukari,"
nami nikaongeza sukari
kwenye utamu nisioujua.

Mumewe alipomaliza barabara yake, wakarudi kwao.
Vyombo vingi waliuza. Chungu cha umeme alinipa mimi,
amekifunga kwa taulo,
na chupa ya sosi ya soya iliyobaki robo.
Miezi minane kikakaa juu ya kabati
nikiogopa uniti.

Leo Ijumaa, Bombo, saa kumi na moja alfajiri.
Kilo mbili za bega kutoka kwa Khemisi,
mchinjaji ninayemjua yeye, na kisu chake, na nia yake.
Kitunguu saumu, kiganja kimoja. Tangawizi, urefu wa kidole gumba.
Peasi la kwao huku halipatikani; nimeparuza papai bichi,
kipande tu, maana likizidi nyama huwa uji.
Mahali pa divai nimetia ukwaju.
Nikafunika. Nikazungusha kifundo hadi alama ya chini kabisa.
Nikatazama mita ya Yaka: uniti sita na ushee.
Nikawasomea bismillahi wote wawili,
chungu na mita.

Bi Marajani, mama mkwe, anatoka kutawadha:
"Nyama gani inapikwa bila moshi?
Moto usioonekana, utajuaje kama umelala?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshashika mkoba.

Kutwa sare za shule zinapita chini ya sindano yangu,
kola, kola, mfuko, kola,
na mimi niliyekuwa mtumishi wa watu
leo nina anayenifanyia kazi nyumbani.
Naona haya kidogo. Nacheka peke yangu.
Mastula wa meza ya pili ananiuliza kama nimeolewa upya.

Saa tisa umeme unakata.
Cherehani zinanyamaza kwa mpigo mmoja, kama darasa mwalimu akiingia.
Napiga simu: "Swalehe, usifunue!"
"Sijafunua, mama. Nimenusa tu."
"Basi nusa kwa mbali. Joto likitoka halirudi."
Dakika arobaini nimeshona mkono wa kushoto
mahali pa mkono wa kulia.

Magharibi. Mlangoni kwangu wamesimama watoto wa jirani,
eti wamekuja kuazima kiberiti.
Kwenye mkeka, gurusa chini ya tabaga alilosuka Bi Marajani
mwaka ule wa mafua ya kuku;
juu ya nyama, simsim niliyoikaanga hadi ikaanza kurukaruka.
Abdulatifu ananyoosha mkono kutafuta kisu.
Hakuna haja. Nyama inaachana yenyewe,
nyuzi kwa nyuzi, bila ugomvi.

Hakuna anayesema kitu.
Zulfa analamba kifundo cha mkono.
Bi Marajani hasifu; kwake mgema akisifiwa,
hata asiyekunywa anajua yatakayofuata.
Ila nimeona kidole chake
kikivuta bakuli, taratibu, upande wake.
Kisha: "Na kwao huliwa hivihivi?"

Hapo ndipo nilipokwama na tonge mkononi.
Sijui, mama.
Ile ya kule niliijua mvuke wake,
niliosha sufuria zake, nilifuta meza yake,
wakiketi nilisimama jikoni nikisubiri kuitwa.
Labda hii si yenyewe. Labda ni binamu yake,
amezaliwa Bombo, analijua adhana.

Nikatia tonge kinywani, nikatafuna polepole.
Nikajikuta nimefumba jicho moja.

Imepungua sukari.