Gramu Hamsini

Bi Somoe Nachundu amekalia tena kigoda changu.
Ndivyo zamu inavyoanza kiwandani, hapa Masasi,
saa moja kasoro, Mkomaindo bado umejifunika ukungu,
na mimi, msimamizi, nimesimama
kama mtu aliyekuja kudai deni msibani.

Anabangua tangu mikono yake ilipokuwa laini.
Sasa vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda,
vyeusi hadi kiungo cha pili,
na ulimi, wanasema wenzake, uliungulia hapohapo.
"Nilishika kisu hiki wewe hujaota meno."
Hiyo ndiyo salamu.
Esha, binti mgeni mwenye kigugumizi,
humwiga. Humwiga mpaka meza nzima icheke,
na Esha huinamia korosho zake,
zilizokuwa nzima zikatoka vipande.

Jumanne nilimfokea.
Mbele ya wanawake arobaini sauti ikanitoka nyembamba,
kama birika lililosahaulika motoni.
Alilala na kisa hicho, akaamka nacho,
akakigawa saa ya chai pamoja na mihogo.

Nikaandika barua ya onyo. Mistari mitatu.
Nikaitia kwenye droo.

Nilipata kwenda semina, siku mbili, Mtwara mjini,
soda na cheti.
Mwezeshaji alitufundisha kusema "mimi nahisi"
badala ya "wewe umefanya".
Basi Jumatano nikachuchumaa kando yake:
"Bi Somoe, mimi nahisi sijaheshimiwa."
Hakuinua uso.
"Kahisi kwenu. Hapa tunapima."

Nikaongeza, mjinga mie, kwamba mtu ni kama korosho,
ganda linachoma, lakini ndani...
"Mimi si korosho," akasema. "Korosho hainunui unga."

Usiku neno likakataa kulala. Hapa tunapima.
Mara ngapi amepiga kelele kuhusu mizani
nami nikasikia kelele, nisisikie mizani?

Alhamisi nilifika kabla boila halijawashwa.
Nikafuta sahani ya mizani, nikaiacha tupu.
Mshale ukalala chini ya sifuri.
Nikagonga kioo. Ukatikisika, ukarudi palepale:
gramu hamsini.
Kila sahani, kila mwanamke, kila siku,
tangu lini, sijui.

Niliwaambia wote: mizani imewapunja,
na mwandiko uliopo daftarini ni wangu.
Kuna walioniombea baraka. Yeye akauliza:
"Miezi hiyo yote ulikuwa unasoma nini, mtoto?"
Sikuwa na jibu. Nikamwambia sina.

Mhasibu Mnyachi anasema fedha iliyopita imepita.
Nimerudi kwake mara mbili; ya tatu ni Jumatatu, na daftari.
Ameanza kunitazama
vile nilivyokuwa nikimtazama Bi Somoe.

Lakini jioni ile, kabla hajatoka, nilimwita nyuma ya boila,
pasipo meza wala wachekaji.
"Kwa mizani ulikuwa na haki. Kwa Esha huna.
Ukimwiga tena, nina barua, naitoa."
Akafuta kisu kwenye kanga,
upande mmoja, kisha wa pili.
"Umemaliza?"
Nimemaliza.

Leo Ijumaa hajamwiga mtu. Pengine koo linamuuma.
Barua ipo droo, sijaichana, sijaisaini.
Nimekuja na ndoo kutoka nyumbani,
nimeipindua, nimeikalia kando yake,
maana kigoda, naona, hatakirudisha.