Kitufe cha Nne

Mwaka mzima na miezi miwili nimemuua Anaeli.
Nilimuua kwa panga, nikaona ni kelele;
nikamsukuma ngazini, hakufa;
mwisho nikachagua sumu, kwenye chai ya saa nne,
kikombe cha bati chenye ua lililobanduka.
Nilimchora mwenyewe: koti la kaki, penseli sikioni,
mpima kahawa wa ghala la kando ya reli, Moshi,
mvua ya Aprili ikipiga mabati kwa sauti
niliyoirekodi jikoni kwangu, Pasua.

Kisha nikawapa watu wacheze.
Nikasema, semeni kweli, msinionee haya.
Hawakunionea.

Kileo, fundi simu, alirudi kabla uji haujapoa:
"Muuaji ni karani.
Wote umewakata kiunoni, yeye peke yake umemchora viatu."
Miezi kumi na minne ya siri
imefichuliwa na kamba za viatu.

Afande Msangi, mstaafu, aliniletea kurasa nne za wino wa bluu,
zimepigwa mistari kwa rula:
maiti haikakamai upesi hivyo;
jalada halina namba;
na mpelelezi gani huyu, anahoji watu tisa
na hakuna hata mmoja anayemdanganya kwa jambo lisilohusika?
"Watu hudanganya hata walichokula," kaandika. "Ongeza uongo."

Dorkasi wa Chuo cha Ushirika kacheza mara sita
aone kama mlinzi wa geti anaweza kumpenda.
Hapendi. Anataka nirekebishe.

Na Brayani, mtoto wa dada, miaka saba,
hakusoma hata neno. Alibofya paka.
Mara arobaini alibofya paka.
"Paka aliona," akaniambia, "ila hujampa mdomo."

Nikaandika yote daftarini. Viatu: futa. Uongo: ongeza.
Paka: fikiria.

Jumamosi shangazi Elinaike akateremka kutoka Kibosho
na mkungu wa mshare na miwani iliyovunjika mkono,
kwa hiyo nikamsomea. Sura zote, sauti zote,
mara karani, mara mjane.
Umeme ulikatika; tukangoja gizani,
hakusema kitu.
Ukarudi. Tukafika mwisho,
vitufe vitatu vikajipanga chini ya uso wa karani:
MSHTAKI. NYAMAZA. MFICHE.

"Na isale liko wapi?"

Nikacheka. Shangazi, huu ni mchezo wa upelelezi.
"Nimesikia. Ameua. Polisi watamchukua, sawa.
Lakini mama yake na mjane wanachota mfereji mmoja.
Kesho asubuhi nani anatangulia na ndoo?"
Akanyoosha kidole, akagusa kioo, pale alipo Anaeli
akiwa hai bado, penseli sikioni.
"Na huyu anacheka kama baba yako.
Alikukosea nini ukamnyima hata kumaliza chai?"

Hilo sikuliandika daftarini.

Usiku nilitoka na tochi hadi kwenye ua wa jirani,
nikakata jani moja, nikalilaza chini ya taa, nikalichora:
refu, la kijani, limepigwa fundo.
Sasa kuna kitufe cha nne.
Ukikibonyeza, karani anasimama langoni kwa mjane,
mzima, kichwa hadi unyayo, miguu peku,
jani mkononi, mvua ikipiga.
Basi. Hakuna kinachofuata.

Kileo amepiga simu: mchezo wako umeganda hapo.
Haujaganda, nikamwambia.
Tazama dirishani, kuna taa.
Paka amekaa kizingitini.
Ngoja.