Mti Namba Thelathini na Saba

Maneno elfu moja na mia mbili, wanasema.
Jedwali moja. Mchoro mmoja. Marejeo yasizidi kumi.
Nami nina madaftari matatu yenye vumbi la Kitangari,
kurasa zimegandana kwa maji ya mabibo,
na miti arobaini niliyoifunga utepe mwekundu
tangu Juni, salfa ikinikereketa koo.

Naanza kupunguza.
Natoa njia ya kutoka Newala, pikipiki ya Mchopa
iliyokata mnyororo mara mbili.
Natoa alfajiri zile za umande,
na ugonjwa mweupe juu ya maua,
kana kwamba mtu alichekecha mhogo pale akaenda zake.
Hapo naandika: ubwiriunga, daraja la tatu.
Natoa "mimi". "Nilipuliza" inakuwa "ilipulizwa",
kama vile salfa ilijibeba yenyewe mgongoni, ikajua zamu.

Nahesabu: elfu moja mia mbili, kamili. Natuma.

Miezi minne. Kisha mhakiki wa pili,
asiye na jina ila ana swali:
*Jedwali lina miti thelathini na tisa.
Namba thelathini na saba iko wapi?*

Iko kwa Somoe Nampota.
Ilianguka Agosti, wiki ya tisa ya jaribio,
siku aliyofiwa na mumewe, kuni hakuna,
watu wamefika hadi kutoka Masasi
na sufuria zinangoja.
Nilikwenda na rula yangu nikakuta kisiki.
"Utepe wako nimekutunzia," akasema,
akaufungua kwenye pindo la kanga.
"Nilijua utautafuta."
Nikala wali ule. Ulinuka moshi.
Mkorosho mbichi hauwaki, unalia tu.

Najaribu: *Mti mmoja ulipotea.*
Haukupotea.
*Mti mmoja uliondolewa kwenye uchambuzi.*
Na nani? Mimi nilikuwa na rula, si shoka.
*Mti mmoja ulikatwa na mwenye shamba kwa kuni za msiba.*

Maneno kumi. Nafasi hakuna hata ya moja.
Nashuka hadi hitimisho, nilipoandika kwa majivuno:
*Matokeo haya yanaweza kuwa na manufaa makubwa kwa wakulima wote.*
Nayahesabu kwa kidole.
Nafuta.

Umeme unarudi saa nne usiku; natuma tena.
Utepe umelala daftari la pili, ukurasa wa Agosti,
na bado, ukiunusa, una moshi.