Karatasi ya Maweni

Kazija, sogeza taa. Nimetandika ramani sakafuni,
ile niliyoichora kwa penseli ya darasa la sita
nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.
Huku Muyuni, huku Mtende.
Katikati hamna jina, pameandikwa MAWENI tu,
kama mtu aliyechoka kueleza.

Mara ile tulikwenda kwa mdomo.
Tulisema "hapa na hapo", tukabeba chupa mbili na maandazi,
wewe na makubadhi yako ya harusini.
Jiwe la maweni halina adabu:
limesimama kwa meno, lina matundu kama mzinga
na kila tundu lina kisu chake.
Saa tano soli ilifunua kinywa ikaanza kusema nasi.
Saa sita maji yalikuwa hadithi.
Tulirudi tumeshikana, wewe unachechemea,
mimi nimegeuza uso, nikikwambia namsikiliza kwale.

Basi safari hii tunahesabu.

Maji: lita sita kila mtu. Usicheke.
Kidumu cha tatu Mcha atatutangulizia Jumatano,
akifiche chini ya mdaa uliopinda, akilalie jiwe,
kima wasije wakaoga kwa roho zetu.
Pango la kwanza lina maji ya chumvi, hayo ya kunawa uso.
La pili ndilo lenye maji baridi,
ila kushuka ni kwa kamba, pima tano,
na mtu haingii bila kupiga hodi.
Nimetia ubani kwenye kopo la kahawa.
Mwalimu wa jiografia, ndiyo. Na ubani.

Viatu: katambuga, tairi la lori,
nimempelekea fundi unyayo wako juu ya gazeti.
Akauliza, "Huyu anakwenda wapi na mguu mdogo hivi?"
Nikamwambia mshone tu.

Kilomita kumi na nne kwa rula.
Lakini rula haijui kuzunguka mwiba,
haijui mtu kukaa dakika kumi
akitafuta pa kuuweka mguu mmoja.
Ziite ishirini na tano.

Kuondoka saa kumi na moja, adhana ikitoka.
Mwezi kumi na nane, bahari itakupwa kwenye saa sita;
tukichelewa ufukwe wa Mtende unamezwa
na sisi tutabaki juu ya jabali
tunatazama mchanga tulioufuata ukizama.

Vuai amepita mara tatu akijifanya anatafuta miwani.
"Kwani huko kuna nini?"
Hamna kitu.
"Mtu haendi dukani kununua kiu, Mize."
Nikamjibu mwenda bure si mkaa bure,
akaenda zake kulala, na miwani iko kichwani.

Sasa tazama mstari huu mwekundu.
Saa nne na nusu, kama hatujalifikia pango la pili,
tunageuka.
Hata kama unaliona.
Hata kama nimebaki mimi, hatua mia, nakusihi.
Hapo usinisikilize, mimi nitakuwa jua linalosema.

Nakala moja kwa Mcha: ikisaliwa Isha na hatujapiga simu,
aanzie Mtende, si Muyuni, aje na watu wawili na tochi.

Umeichukua kalamu.
Nilidhani unataka kupunguza maji.
Umeinama muda mrefu, leso imekuanguka bega,
halafu umenirudishia karatasi bila kunitazama.
Chini kabisa, kwa mwandiko wako wa kuinamia kushoto:

*Kwale halii saa sita mchana.
Safari hii nisikie.*

Nje mbu, na jenereta la jirani linakohoa.
Sikufuta.
Nimeongeza tu, pembeni yake, penye nafasi:
chumvi, ndimu nne, leso ya pili.