Sweta la Mjakaranda

Mkoba niliupata mitumbani Kiboriloni,
zipu yake imekufa, shilingi elfu tatu,
na katika mfuko wa ubavuni nikakuta mali:
bunda la karatasi za mraba,
nyepesi kama ganda la kitunguu,
nyekundu, machungwa, hudhurungi, manjano iliyochoka,
na ukurasa wa maelekezo kwa maandishi
nisiyoyajua hata herufi moja.

Lakini mistari niliielewa.
Mshale ukipinda, pinda.
Nukta nukta, kunja hapa.
Usiku ule mimi na mume wangu tulikunja
mpaka ndizi zikapoa sufuriani.

Asubuhi. Julai. Wingu limeshuka hadi usawa wa bati,
mlima hatujauona siku ya tisa.
Watoto ishirini na watatu, masweta ya bluu, pua zinavuja.
Nikawaonyesha picha.
"Jani la muhogo!" akasema Aikande.
Halikuwa la muhogo,
vidole vitano tu, jekundu kama limeungua.
"Babu kavaa baraghashia!"
Ile ilikuwa mbegu yenye kifuniko chake.
Na mnyama mwenye mkia kama fagio
tukampigia kura: kindi, sita;
paka aliyeogopa, kumi na saba.

"Pembe kwa pembe," nikasema,
"kama mama na kanga aliyoianua.
Sasa pigeni pasi kwa ukucha."
Krrr, meza nzima.

Nikawaeleza: iko nchi mbali,
baridi ikibisha hodi huko
majani hubadili rangi, hudondoka,
mti hubaki mtupu.
Kamusi yangu inauita msimu huo vuli.
Hapo nikasita.
Vuli yetu naijua:
mvua za Novemba, maharage yanachomoza,
bibi anatafuta jembe,
na kinachovuliwa ni viatu tu, mlangoni,
kwa ajili ya tope.

Ombeni, wa mkono wa kushoto,
karatasi yake imekunjwa na kukunjuliwa hadi imelegea,
akainua kichwa.
"Mwalimu, baridi ikija, miti yao inavua?"
"Inavua."
"Haina sweta?"

Darasa likanyamaza
namna ambayo chekechea hainyamazi.
Chuoni hawakutufundisha jibu la hilo.

Akarudi kwenye karatasi yake.
Kosa la kwanza lilikuwa tayari bega.
La pili akaligeuza mkono.
Akainua juu: sweta la machungwa,
mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake,
kama yote tuliyorithi kwa kaka zetu.

Basi, ukurasa wa maelekezo ukaenda chini ya meza.
Nderingo alikunja sweta la kindi.
Sifuni alikunja kitu, akasema ni soksi,
mti una mizizi, mizizi ni miguu.
Saa nne, uji ukisubiri,
tulitoka na uzi na gundi ya unga
tukauvika mjakaranda wa getini
hadi walipofika mikono yao,
yaani kiunoni kwangu.
"Na huko juu?" akauliza Aikande.
"Juu utavaa wenyewe," nikajibu,
ili tu twende tukanywe uji.

Agosti upepo ulichukua mengi.
Septemba mti ukapukutisha vijani vyake,
kimya, joto likirudi,
kinyume cha picha, kinyume cha kamusi.
Sikusema neno.

Oktoba wakaona wenyewe.
Zambarau, tawi la chini hadi kileleni,
na nyingine barabarani, tunazikanyaga
zinapasuka, pu, pu.
Aikande akanitazama kama mtu aliyelipwa deni lake.

Ombeni hakutazama juu.
Alikuwa amechuchumaa shinani
penye uzi mmoja uliobaki,
karatasi imepauka, machungwa yote yamekwisha,
mikono miwili bado imetanuka, mmoja mrefu,
naye anaunyoosha mkunjo
kwa ukucha.