Matundu ya Maji

Miaka thelathini na minane nimeuzuia mlima usiteremke.
Kadutu, Nguba, Muhungu, popote palipokatwa kiwanja ubavuni
niliitwa mimi, Zihalirwa, na mwiko wangu, na uzi,
na timazi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.

Sasa goti limegoma.
Mushagalusa, kitinda mimba wangu, amerithi ngazi na karai.
Mimi nimenunua kaye ya kurasa tisini na sita pale Nyawera,
nikamwambia mwenye duka ni ya mjukuu.

Usiku wa kwanza biki ilipasuka.
Mkono huu haujui kushika kitu kisicho na uzito.

Mke wangu akachungulia:
mistari kumi na mmoja, tisa imefutwa.
"Na hii," akauliza, "inalipwa kwa mita?"
Sikuwa na jibu.
Akanisogezea taa.

Binti anayetufundisha kila Jumatano nyuma ya parokia
alisema kipande cha shairi kina mizani minane.
Hesabuni kwa vidole, alisema.
Nikaweka mikono mezani.
Viwili vilibaki Nguba, chini ya jiwe, tangu ningali kijana.
Vinane kamili!
Darasa zima likacheka, nami nikacheka,
nikapanda kwenda nyumbani nikihesabu ngazi za udongo,
nane, na nane, na nane.

Ila kuna jambo nililijua kabla yake.
Ukuta haubomolewi na mlima.
Unabomolewa na maji yaliyokosa pa kutokea.
Ndiyo maana kila mita moja na nusu nilipitisha bomba,
kipande tu, mdomo wazi,
na wenye nyumba wakanung'unika:
Fundi, mbona umetuachia mashimo?
Mmoja wao, kule Muhungu, aliyaziba kwa simenti
nilipokwisha kulipwa na kugeuka.

Chini ya ukuta ule palikuwa na jiko la Nsimire.

Mwiko mkononi, mwiko mdomoni:
miaka kumi na tisa sijasema.
Nilisaidia kuchimba. Mawe niliyatambua moja moja,
nilikuwa nimeyachonga mwenyewe.

Nimejaribu kuiandika asubuhi ile mara sita.
Kurasa sita, zimejaa hadi ukingoni,
neno limebanwa na neno,
mvua, kelele, majina ya waliokuja na majembe,
kosa la nani, kosa la nani,
hakuna pa kupitisha hata ukucha.
Binti alizisoma, akazirudisha taratibu.
Alisema tu: Mzee, hapa sipati pumzi.

Jana usiku mvua iligonga bati.
Nikaandika: Sufuria ilikuwa bado ya moto.
Kisha nikaruka mistari minne.
Sikuweka kitu.
Nikakaa, kalamu juu ya meza, nasikiliza.
Nje, kwenye ukuta wangu mwenyewe,
bomba la tatu kutoka mlangoni
likakohoa,
halafu maji.